Mto wa Jana, Hesabu za Leo

Kila mradi mkubwa wa maji huwa hesabu kabla haujawa zege. Wataalamu huuiga mto ndani ya kompyuta: mvua inayonyesha, aina ya udongo, ukubwa wa msitu, kisha modeli hukadiria maji yatakayopita. Hapo yapo maswali mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Kwanza, je, programu imekokotoa milinganyo yake kwa usahihi? Pili, je, jibu lake linafanana na mto wenyewe? Swali la kwanza hujibiwa ofisini. La pili hujibiwa na mtu anayesimama ukingoni na kusoma kina cha maji, siku baada ya siku.

Historia ya Bonde la Kilombero yathibitisha uzito wa swali hili la pili. Mwaka 2018 watafiti walichapisha modeli ya bonde zima, lenye zaidi ya kilomita za mraba 40,000. Waliirekebisha kwa vipimo vya kituo cha Swero vya mwaka 1958 hadi 1965, kisha wakaijaribu kwa vipimo vya 1966 hadi 1970. Utaratibu huo ni wa haki, kwani mwanafunzi hapimwi kwa swali ambalo amekwisha kuoneshwa jibu lake.

Hata hivyo, tuzitazame tarehe hizo. Mto uliotoa ushahidi ulipita katika bonde ambalo reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilikuwa haijafika. Shamba kubwa la mpunga la Mngeta, lililoanzishwa kwa ubia na Korea Kaskazini katika miaka ya 1980, halikuwapo. Modeli hiyo hiyo ilitumika kukadiria athari za mabadiliko ya ardhi hadi 2014. Shahidi wa enzi moja ameombwa kuisemea enzi nyingine.

Hili si suala la wanataaluma peke yao. Inakadiriwa kuwa Kilombero huchangia takriban asilimia 62 ya maji ya Rufiji, na chini yake limejengwa Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Mwishoni mwa 2012, wafugaji na mifugo yao waliondolewa bondeni kwa hoja ya kuinusuru ardhioevu. Umeme wa taifa na makazi ya watu hutegemea kauli kuhusu maji. Na kauli hizo zastahili ushahidi wa mto wa leo.

Kwa hiyo, mtumishi wa umma anapoletewa ripoti yenye michoro ya kupendeza, aulize: imethibitishwa kwa vipimo vya miaka ipi? Vilichukuliwa wapi? Mwanaharakati naye, bajeti inapojadiliwa, atafute fungu la vituo vya kupimia maji na posho ya msomaji wa kipimo. Fungu hilo ni dogo, na ni rahisi kukatwa bila mtu kulalamika. Likikatwa, kompyuta itaendelea kutoa majibu, ila hatutakuwa na namna ya kujua kama ni ya kweli.