Kutoka Pafu la Chuma hadi Skrini: Wanafunzi Wenye Ulemavu wa California na Elimu ya Mbali (1953–2022)

Hudhaniwa na wengi kwamba mafunzo ya mbali yalizaliwa Machi 2020, pale ugonjwa wa korona ulipovifunga vyuo vikuu na kuwalazimisha wahadhiri kusema mbele ya skrini badala ya mbele ya watu. Makala hii fupi yakusudia kuonyesha kwamba, kwa upande wa wanafunzi wenye ulemavu, jambo hilo lina umri mkubwa zaidi, na kwamba lilitokana na maradhi mengine ya kuenea, yaani polio. Tutajifunga na jimbo la California, na hasa chuo kikuu cha Berkeley. Si kwamba mahali pengine hapana historia. Ni kwamba pale uzi wake waweza kufuatwa tangu mwanzo bila kukatika.

Katika mwaka wa 1952 polio iliwashika zaidi ya watu 57,000 nchini Marekani, wengi wao wakiwa watoto. Mwaka uliofuata ilimshika kijana wa miaka 14, Ed Roberts, wa mji wa Burlingame, kusini ya San Francisco. Chanjo ya Jonas Salk ilitangazwa Aprili 1955. Kwake ilikuwa imechelewa miaka miwili. Alibaki amepooza tangu shingoni kwenda chini, na kila usiku ilimpasa kulala ndani ya pafu la chuma, mtambo wenye uzito wa kilo 360 hivi uliomsaidia kuvuta pumzi. Alipotoka hospitali alisoma shule ya sekondari kwa simu: waya ulitoka darasani ukafika nyumbani, naye akawa anamsikia mwalimu na kumjibu akiwa kitandani.

Yafaa tusimame kidogo hapa. Kwa macho ya leo simu ile yaonekana kuwa maendeleo. Lakini mama yake, Zona Roberts, aliiona vingine. Aliona kwamba mwanawe alikuwa akijificha nyuma ya waya, akiogopa kutazamwa, naye akashikilia apelekwe shuleni walau mara moja kwa juma. Baadaye shule ilitaka kumnyima cheti kwa sababu hakuwa ametimiza somo la mazoezi ya mwili wala lile la kuendesha gari. Mama alilifikisha shauri kwa wakuu wa elimu wa eneo lile, na cheti kikatolewa. Basi mafunzo yaleyale ya mbali yalikuwa mlango na vilevile yalikuwa ukuta. Ilitegemea ni nani aliyechagua, mwanafunzi mwenyewe au waliotaka asionekane.

Mwaka wa 1962 Roberts alikubaliwa Berkeley. Idara ya jimbo iliyokuwa na kazi ya kuwasaidia watu wenye ulemavu kupata ajira ilikuwa imekataa kwanza kumlipia karo, ikimhesabu kuwa mtu asiyeweza kamwe kufanya kazi. (Mwaka wa 1975 alifanywa mkurugenzi wa idara iyo hiyo.) Hapakuwa na bweni ambalo sakafu yake ingestahimili pafu la chuma, akapewa chumba katika Cowell, hospitali ya chuo. Mwaka uliofuata akaja wa pili, John Hessler, kisha wengine, na ghorofa ile ya wagonjwa ikageuka kuwa bweni la wanafunzi wasiokuwa wagonjwa. Humo ndimo walimozoea kuzungumza usiku juu ya vidaraja vya barabara, lifti, na wasaidizi wa kuwavika nguo. Mwaka wa 1970 walipata ofisi yao chuoni, yenye hata fundi wa kutengeneza viti vya magurudumu, na mwaka wa 1972 kikaanzishwa mjini Kituo cha Kuishi kwa Kujitegemea. Jambo la kuangaliwa ni kwamba marekebisho hayo hayakubuniwa na wakuu wa chuo. Yalibuniwa na wale waliokuwa wakiyahitaji, kwa kuwa wao ndio waliojua ngazi gani inazuia na mlango gani haufunguki.

Sheria ilikuja nyuma yao. Kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka wa 1973 kilikataza taasisi yoyote ipokeayo fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa sababu ya ulemavu, lakini kanuni za kukitekeleza hazikutiwa sahihi kwa miaka minne. Tarehe 5 Aprili 1977 watu zaidi ya mia moja, wakiongozwa na Judy Heumann, naye pia aliyepooza kwa polio utotoni, waliingia katika jengo la serikali kuu mjini San Francisco wakakataa kutoka. Simu zilipokatwa, viziwi waliokuwa ndani walisimama madirishani wakapeleka habari nje kwa lugha ya alama, na wakuu wa jengo hawakuwa na waya wa kukata. Kanuni zikatiwa sahihi tarehe 28 Aprili. Mwaka wa 1990 sheria nyingine, pana zaidi, ikaongezwa juu yake.

Mwanafunzi wa Kiswahili ataruhusu hapa neno moja la sarufi. Majina yetu ya kale ya watu hawa yamo katika ngeli ya ki-/vi-: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Wapo wanaoona katika kiambishi hicho dharau, kwa kuwa ndicho pia tunachokitumia kwa vitu na kwa udogo. Hata hivyo upatanisho wa sentensi huwarudisha katika utu: husemwa viziwi wamekuja, si vimekuja. Baadaye likatokea mlemavu, na sasa mtu mwenye ulemavu. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 3 Mei 2022, iliyoandikwa kwa Kifaransa, nayo humtaja mtu anayeishi na ulemavu. Lakini kwangu mimi neno lenye faida zaidi si jina la mtu. Ni kitenzi, kufikika. Kauli ya kutendeka huiweka sifa, au dosari, katika kitu chenyewe: kitabu hakisomeki, mlango haufikiki. Haisemi kwamba msomaji ana kasoro. Wanafunzi wa Cowell walisema hayo hayo bila kuwa na kauli ya kutendeka.

Kitu kilipoacha kuwa mlango kikawa ukurasa wa kompyuta, ugomvi ulianza upya. Miongozo ya kwanza ya kimataifa ya kurasa zinazofikika ilitolewa Mei 1999. Ilitaka mambo yasiyo magumu: picha iwe na maelezo ya maneno, sauti iwe na maandishi, ukurasa uweze kupitiwa bila kipanya. Miaka 15 baadaye, mwaka wa 2014, viziwi walishtaki kwamba mihadhara iliyorekodiwa, ambayo Berkeley iliitolea dunia nzima bure, haikuwa na maandishi. Wizara ya Sheria iliwakubalia Agosti 2016. Chuo kilijibu kwamba gharama ni kubwa mno, na Machi 2017 kikaondoa hadharani rekodi zaidi ya 20,000. Wengi waliwalaumu viziwi kwa kuwanyang'anya wengine zawadi. Naona lawama hiyo haikuwa ya haki, maana aliyekifunga chumba hakuwa yule aliyeomba mlango. Lakini sikatai kwamba hasara ilikuwa ya kweli, na kwamba mwanafunzi maskini wa nchi nyingine, ambaye hakuwa upande wowote wa shauri, aliilipa. Shauri lilimalizika Novemba 2022 tu, kwa makubaliano yaliyopelekwa mahakamani, ambamo Berkeley iliahidi kuifanya sehemu kubwa ya mafunzo yake ya bure ifikike.

Kati ya miaka hiyo iliingia korona. Machi 2020 Berkeley, kama vyuo vingine, ilisimamisha madarasa ya ana kwa ana na kuyahamishia kwenye skrini kwa muda wa siku chache. Wanafunzi waliokuwa wameomba kwa miaka wafuate mhadhara wakiwa nyumbani, kwa sababu ya maumivu au ya uchovu wa maradhi ya kudumu, na kuambiwa kwamba haiwezekani, walishuhudia ikiwezekana kwa wote katika juma moja. Uchungu wao waeleweka.

Wakati huo huo wengine walipoteza walichokuwa nacho. Kipofu aliyekuwa akipokea maandishi ya nukta nundu kutoka ofisi ya chuo alitumiwa faili zilizokuwa picha za kurasa tu, ambazo programu isomayo skrini kwa sauti huzipita kama karatasi tupu. Kiziwi alimwona mkalimani wake katika kijisanduku kidogo cha pembeni, mikono ikikatika kila mtandao ulipolegea. Maandishi yanayotolewa na mashine yalikosea majina na istilahi, yaani yale hasa ambayo mtihani huyauliza. Na hata hayo, kampuni ya Zoom haikuyaeneza bure kwa watumiaji wake wote hadi Oktoba 2021. Zikaja pia programu za kusimamia mitihani kwa kamera, ambazo zilimtilia shaka mtu kwa kutazama kando, kutikisika, au kusoma kwa sauti. Mwenye ulemavu hufanya hayo bila kuiba jibu. Desemba 2020 maseneta kadhaa waliyaandikia makampuni hayo kutaka maelezo.

Madarasa yalirudi katika msimu wa kupukutika kwa majani wa 2021, na vyuo vingi vikaiondoa haraka ile njia ya mbali. Hoja iliyotolewa mara nyingi ilikuwa kwamba kuhudhuria ni kiini cha somo, nacho kiini hakibadilishwi; hoja ambayo ni ya kisheria na yenye uzito, ila ilikuwa vigumu kuisikiliza baada ya shahada za mwaka mzima kutolewa bila kiini hicho. Kwa mwanafunzi ambaye mapafu au kinga yake ni dhaifu, swali halikuwa la falsafa.

Mwishoni mwa Januari 2022, katika chuo kikuu cha Los Angeles, ndugu wa kile cha Berkeley, chama cha wanafunzi wenye ulemavu pamoja na wenzao kiliingia Murphy Hall, jengo la mkuu wa chuo, na kukaa humo zaidi ya wiki mbili. Walidai mihadhara iweze kufuatwa na aliyepo na asiyekuwepo, kwa hiari ya mwanafunzi mwenyewe. Ilikuwa miaka 45 tangu watu wa 504 wakae katika jengo lao kule San Francisco.