Neno Guion na Hesabu ya Silabi katika Tahajia ya Kihispania, 1492–2010

Antonio de Nebrija alitenga kitabu cha pili cha sarufi yake ya mwaka 1492 kwa mjadala wa silabi na mkazo. Kanuni za kuandika alama ya mkazo, hata hivyo, ziliimarishwa polepole na Akademia ya Kifalme ya Hispania, iliyoanzishwa mwaka 1713. Kwa kawaida, neno linaloishia kwa irabu, n au s hukaziwa silabi ya pili kutoka mwisho, na mengineyo hukaziwa ya mwisho. Linalokiuka huwekewa alama.

Ugumu umo katika kuhesabu. Neno guion lina silabi mbili katika matamshi ya wasemaji wengi wa Hispania, ilhali lina moja kwa wengi wa Meksiko. Mwaka 1999, aliyesikia silabi mbili aliruhusiwa kuandika guión. Mwaka 2010 ruhusa hiyo ilifutwa: kimaandishi, neno hilo ni la silabi moja, hivyo halina alama. Tahajia hiyo mpya iliandaliwa pamoja na akademia za Amerika, na uamuzi wenyewe ulilinda umoja wa maandishi kuliko ukweli wa matamshi. Mhispania anayesema silabi mbili hulazimika kuandika moja.