Porsche ya Zamani na Chumvi ya Mombasa

Watu wangu, kila anayeniuliza kuhusu 911 ya mitumba ya kukaa nayo Mombasa anaogopa joto. Mimi namwambia aogope chumvi.

Porsche walionyesha hii gari Frankfurt mwaka wa 1963 ikiitwa 901, kabla Peugeot hawajalalamikia ile sufuri ya katikati. Injini ilipoozwa kwa hewa, haina rejeta, ikabaki hivyo mpaka mwisho wa miaka ya 1990. Na jua letu inalijua: Björn Waldegård alimaliza Safari Rally ya 1974 wa pili na 911, halafu 1978 Vic Preston Jr naye akawa wa pili. (Kushinda ndio ilikataa.)

Lakini rali ni siku chache tu. Hewa ya Nyali hailali. Bati la zile za kwanza liliota kutu hata Ulaya, kwa chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi. Ndipo kuanzia modeli za 1976 mwili ukatengenezwa kwa bati lililopakwa zinki. Kwangu huo ndio mwaka mkubwa, kuushinda hata ujio wa Turbo.

Sasa, sheria yetu haikubali kuingiza gari iliyopita miaka 8, so hiyo ya zamani utaitafuta hapa hapa. Enda na fundi, gari iinuliwe, mchungulie chini ya milango. Rangi mpya inang'aa na muuzaji hataki iinuliwe? Rudi na pesa zako. Na uliza kama iliwahi kugongwa, maana palipochomelewa ile zinki iliungua.