Mama Ntilie wa Paris

Kuna mgahawa mpya wa Kifaransa umefunguliwa katikati ya jiji la Dar es Salaam, maeneo ya Posta, chini ya ghorofa moja la vioo. Kwenye kibao wameandika "Bistro". Nilipangiwa kwenda kula na kuandika maneno 400 ya gazeti. Nikaona hela ya ofisi isiliwe na mtu mmoja, nikamchukua mama.

Mama ana miaka 66. Alitoka Rombo kuja Dar mwaka 1983, na kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa mama ntilie pale Manzese. Kwa msomaji asiye wa Tanzania: huyo ni mama anayepika na kuuza chakula kibandani au pembeni ya barabara, na jina wamempa wateja wenyewe wanaonyoosha sahani, "mama, n'tilie". Siku hizi tunawaita mama lishe, kwa heshima. Mama alikuwa na banda la mabati. Upande mmoja mabenchi mawili na masufuria, upande wa pili magunia ya mkaa. Baba anasambaza mkaa kwa mkokoteni, mama anauza kwa kopo huku anageuza maharage. Zile chenga za mkaa zisizo na mnunuzi ndizo zilizopika chakula kilichonisomesha mimi.

Basi, tukakaa. Mhudumu akaja na ubao mweusi ulioandikwa vyakula kwa chaki, akausimamisha mbele yetu. Mama akausoma wote, bei kwa bei, kisha akaniinamia.

"Na bei zote hizi, wameshindwa kununua karatasi?"

Kijana alimsikia, akacheka. Akatueleza kwamba ubao ndio desturi ya bistro, kwa sababu chakula hubadilika kulingana na kilichopatikana sokoni siku hiyo. Halafu akatuongezea historia. Mwaka 1814, alisema, majeshi ya Urusi yalipoingia Paris baada ya kumshinda Napoleon, askari walikuwa wanagonga meza na kupiga kelele "bystro!", yaani "upesi!" kwa Kirusi, na neno likabaki.

Hadithi ni tamu, na hata Paris wanaipenda. Kule Montmartre, kwenye uwanja wa Tertre, kuna mgahawa wenye kibao ukutani kinachodai mambo hayo yalitokea hapo hapo. Shida ni kwamba neno lenyewe halionekani katika maandishi ya Kifaransa mpaka miaka ya 1880. Yaani likae midomoni mwa watu miaka 70, katika mji uliojaa waandishi kama Paris, na asitokee hata mmoja wa kuliandika? Ndiyo maana wanaisimu wengi wanaikataa hadithi hiyo, ingawa wao wenyewe bado wanabishana neno lilitoka wapi.

Ila watu walioijaza Paris vijimgahawa hivyo wanajulikana, na hawakuwa Warusi. Nilikuwa nimesoma habari zao usiku uliotangulia, kwa ajili ya yale maneno 400. Tulipokuwa tunasubiri supu nikaanza kumsimulia mama.

Katikati ya Ufaransa kuna nyanda za juu zinazoitwa Auvergne. Ni nchi ya milima ya volkano zilizozimika, yenye baridi kali na mashamba madogo yasiyotosha kugawiwa watoto wote. Katika karne ya 19 watu wa huko walimiminika Paris kutafuta maisha. Hawakuwa na elimu, na Kifaransa chao kilichekwa. Wakafanya kazi ambazo wenyeji hawakuzitaka. Walianza na kubeba maji, ndoo mbili mbili, ngazi kwa ngazi, mpaka vyumba vya juu vya maghorofa. Mabomba ya maji yalipoenea mjini, wakahamia kwenye kuni na makaa.

Wapariisi wakawapa jina la utani, "bougnat". Limetokana na neno la muuza makaa, likitamkwa kwa kuigiza lafudhi yao ya kijijini. Lilikuwa jina la dharau.

Sasa, muuza makaa alikuwa na chumba kimoja kinachotazama barabara. Upande mmoja makaa na kuni, upande mwingine kaunta ndogo ya kuuzia mvinyo. Nje wanaandika "mvinyo na makaa", wala hawaoni ajabu. Mume anapeleka makaa kwa wateja, mke anabaki kaunta. Mteja akija kuagiza makaa anapata glasi moja, akikaa sana anapata na sahani ya kile mama mwenye nyumba alichowapikia watoto wake. Kidogo kidogo sahani zikaongezeka na makaa yakapungua. Bistro nyingi za Paris zilianza hivyo.

Mama alikuwa ameacha kuchezea kijiko.

"Kwa hiyo walikuwa Wachaga," akasema.

Nilicheka, lakini hakuwa mbali na ukweli. Mwaka 1882 mtu mmoja aitwaye Louis Bonnet aliwaanzishia gazeti lao pale Paris, *L'Auvergnat de Paris*, la kuwaunganisha watu wa nyumbani. Baadaye akawapangia hadi treni za nauli nafuu za kuwarudisha kwao kusalimia. Yeyote aliyewahi kupigania siti ya basi la Moshi mwezi Desemba, wakati watu wanakwenda "kuhesabiwa", anaelewa biashara hiyo bila kuelezwa.

Na sisi wapenzi wa vitabu tunawafahamu watu hawa bila kujua. Café de Flore, ambapo Simone de Beauvoir alikuwa anawahi asubuhi wakati wa vita apate meza karibu na jiko la kuotea moto, ilikuwa ya Paul Boubal, mtu wa asili ya nyanda hizo hizo. Brasserie Lipp, ng'ambo ya barabara, ilinunuliwa mwaka 1920 na Marcellin Cazes, naye wa huko huko. Tunasoma habari za wanafalsafa waliokaa mezani, na ni nadra kuuliza nani aliwasha lile jiko.

Supu ikaja. Ilikuwa supu ya vitunguu, yenye mkate na jibini iliyoungua juu. Shilingi 28,000. Zamani ilikuwa maarufu kwa wabebaji mizigo wa soko kuu la Les Halles, waliokuwa wanainywa usiku wa manane kabla soko halijahamishiwa Rungis mwaka 1969. Mama akaionja, akanyamaza kidogo.

"Vitunguu wamevikaanga taratibu sana. Moto mdogo. Huyu mpishi anajua." Akaongeza, "Lakini mtori unaishinda."

Nikamwambia kitu ambacho nilidhani kitamfurahisha. Neno "restaurant", nikasema, mwanzoni halikuwa jina la mahali. Lilikuwa jina la supu nzito ya nyama waliyopewa watu dhaifu ili warudishe nguvu. Miaka ya 1760 maduka ya kuuza supu hiyo yalianza kufunguliwa Paris, na baadaye jina la supu likawa jina la duka. Maana yake mama aliyejifungua kule Rombo, akiletewa bakuli la mtori, anapewa "restaurant" ya asili kabisa.

Hakucheka. Aliweka kijiko chini.

"Ndiyo maana uliandika vile kwenye fomu?"

Sikuelewa mara moja. Kisha nikakumbuka, na nikasikia joto masikioni. Nilipochaguliwa kwenda kidato cha kwanza, shule ya bweni, kulikuwa na fomu ya Kiingereza yenye sehemu ya kazi ya mzazi. Niliijaza mwenyewe. Baba niliandika mfanyabiashara. Mama niliandika mmiliki wa "restaurant". Nilimpa asaini kwa haraka, nikijua Kiingereza hakisomi. Nikafika shuleni na uongo wangu, nikauishi kwa miaka minne. Siku ya wazazi nilikuwa namwambia asisumbuke, nauli ni kubwa.

"Nilimuuliza mtoto wa jirani maana yake," mama akasema. "Akaniambia ni mwenye hoteli. Nikasema, kumbe mwanangu ananiona mbali hivyo. Nikasaini."

Kwa miaka yote hiyo nilidhani nimemficha. Yeye alidhani nimemsifu. Nikamwambia ukweli hapo hapo, kwamba niliona aibu. Alinitazama muda mrefu, akasema, "Kula, supu inapoa."

Nimelifikiria jambo hilo tangu usiku ule, na ninachokiona ni kwamba kihistoria sikuwa nimeongopa. Mwanamke anayepika kwa chenga za makaa na kuwauzia wapita njia ndiye aliyekuwa mwenye bistro. Mama alistahili kila herufi ya neno lile. Mimi ndiye niliyeliandika kwa nia mbaya.

Lakini swali lililobaki ni gumu zaidi. Kwa nini muuza makaa wa Paris akawa mwenye mgahawa maarufu, na mama yangu, mwenye kazi ile ile, akaishia na magoti mabovu? Juhudi hazikupungua. Nadhani jibu liko kwenye mlango. Watu wa Auvergne walikuwa na chumba chenye mlango, mkataba wa pango, na ndugu wa nyumbani wa kuwakopesha. Walichojenga mwaka huu walikikuta mwaka unaofuata, na mtoto akarithi kaunta. Banda la mama lilivunjwa mara tatu ninazozikumbuka. Mara ya mwisho walikuja asubuhi, maharage yakiwa jikoni, wakamwaga. Hakukuwa na kitu cha kurithi. Na mwaka 2021, mama lishe na wamachinga walipoondolewa kandokando ya barabara katika miji yetu mingi, wengi tulishangilia kwamba mji umependeza.

Sasa mji umependeza, na tumefungua bistro. Mlangoni kuna mlinzi. Sina ugomvi na mgahawa ule, chakula chao ni kizuri na yule kijana ana adabu. Maneno 400 niliyaandika na kuusifia. Hayakutosha kusema kwamba mtu aliyevumbua mahali kama pale, leo mlinzi asingemruhusu apite na gunia lake.

Wakati wa kuondoka mama aliomba kumwona mpishi. Akatoka binti mdogo wa Kitanzania, aproni imelowa. Mama akamshika mkono, akaugeuza, akatazama kucha.

"Mnapikia gesi?"

"Gesi, mama."

"Siku moja jaribu mkaa," mama akamwambia. "Vitunguu vitakuambia tofauti."