German Shepherd ama Japanese Spitz? Soma hii kabla ulete mbwa kwa keja

Umechoka kuibiwa viatu mlangoni, ama unataka tu mtu wa kukuchangamkia ukitoka job. Umeangalia picha hadi macho yamechoka, na umebaki na wawili: German Shepherd, yule mkubwa wa polisi, na Japanese Spitz, yule mweupe kama pamba. Wote wako fiti. Lakini si kila keja inaweza wabeba.

German Shepherd: anataka kazi

Alianzishwa Ujerumani mwaka wa 1899 na Max von Stephanitz, ili achunge kondoo. Dume hufika kilo 30 hadi 40. Ana akili na anashika mafunzo haraka, lakini usipompa kazi atajitafutia: atachimba maua ya mathee, atararua kiti, atakimbiza boda. Anataka uwanja wenye ua, na mazoezi ya saa moja kwenda juu kila siku. Aina hii pia husumbuliwa na nyonga, so kabla ununue, omba kuona wazazi wake wakitembea.

Kosa kubwa ni kumfunga mnyororo mchana kutwa ati ndio awe mkali. Kwa ploti moja nilikuwa naishi, kulikuwa na mmoja amefungwa hivyo. Alibweka kila usiku, hadi siku wezi walikuja, hakuna mtu aliamka. Tulidhani ni zile kelele zake za kawaida. Na mbwa asiyezoeshwa watu hatofautishi mwizi na mtoi wa jirani amefuata mpira. Siku geti itaachwa wazi, ngori itakuwa yako.

Japanese Spitz: mdogo, mdomo mkubwa

Huyu alikuzwa Japani miaka ya 1920 na 1930, awe mbwa wa kukaa na watu. Uzito wake ni kama kilo 5 hadi 10, na wengi huishi miaka 12 ama zaidi. Hata bedsita inamtosha, bora umtembeze asubuhi na jioni. Matope yakikauka kwa manyoya yake, mengi hutoka ukimchana. Lakini jitayarishe: hayo manyoya utayapata kwa suti, kwa kitanda, hadi kwa chai.

Hatamwangusha mwizi, lakini atakuamsha, na mwizi hapendi kelele. Shida ni kwamba jirani pia hapendi. Ukimwacha pekee kuanzia asubuhi hadi usiku, atalia siku nzima na mwenye ploti atakupigia simu.

Hesabu ya doo

Bei ya kununua ndio ndogo. Shepherd anakula mara kadhaa ya Spitz, na hata dawa ya minyoo hupimwa kwa uzito. Wote wawili wanahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, na ya parvo wakiwa watoto, juu parvo huua haraka. Usichukue mtoto wa mbwa hajafikisha wiki 8. Na kama uko Nairobi, kaunti inataka mbwa awe na leseni.

Sasa uchague nani?

Una uwanja, ua, muda na pesa ya chakula? Chukua Shepherd, na uanze mafunzo akiwa bado mdogo. Uko kwa ploti na kuna mtu hushinda nyumbani? Spitz ndiye wako. Unatoka saa kumi na moja asubuhi na kurudi saa tatu usiku, na unaishi pekee? Ngoja kwanza, nunua kufuli poa.

Na kama aina si lazima, pitia KSPCA pale Karen. Kuna mbwa wa kawaida wanatafuta kwao, na wengi wamezoea maisha ya hapa kuliko hao wageni wawili.