Ugonjwa wa Kuvuja, na Jinsi Waganga Walivyojifunza Kuushona

Hapa Musonoi, kama mahali pengi, kuna ugonjwa ambao wanawake huutaja kwa kunong'ona. Mama akishikwa na uchungu siku mbili tatu bila kuzaa, kichwa cha mtoto hubana nyama iliyo kati ya kibofu na njia ya uzazi. Nyama ile hukosa damu, hufa, hutoboka. Mara nyingi mtoto huzaliwa amekufa, na mama hubaki akivuja mkojo mchana na usiku. Waganga huuita fistula.

Wako wanaosema ni malipo ya uzinzi. Sivyo hata kidogo. Maiti iliyokaushwa ya Henhenit, mwanamke wa nyumba ya mfalme wa Misri miaka 2000 na zaidi kabla ya Kristo, ilionekana ina tundu lile lile.

Kwa karne nyingi waganga walishindwa kuliziba, maana mahali penyewe ni pa giza, na mishono haikushika. Aliyefaulu mwaka 1849 ni Mmarekani J. Marion Sims, huko Alabama, kwa uzi wa madini ya fedha. (Sisi watu wa migodi twastaajabu: nyama kushonwa kwa waya!) Lakini habari hii ina uchungu wake. Wanawake aliojifunzia walikuwa watumwa. Majina ya watatu yamehifadhiwa: Anarcha, Lucy na Betsey. Aliwapasua bila dawa ya usingizi, Anarcha peke yake mara 30 hivi. Sims alijengewa sanamu. Mimi naona hao ndio walioinunua tiba hii kwa miili yao.

Masista nao zamani walikatazwa kazi ya uzalishaji. Roma iliwafungulia mlango mwaka 1936, na mwaka uliofuata Mama Mary Martin wa Ireland akaanzisha shirika la masista waganga. Mmoja wao, Sista Maura Lynch, alifika Uganda mwaka 1987, akawashona wanawake wengi katika hospitali ya Kitovu, karibu na Masaka, hata alipofariki mwaka 2017.

Katika nchi yetu anajulikana zaidi Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, mwana wa mchungaji wa Kiprotestanti. Huko Lemera aliona akina mama wakifa katika kuzaa, akaenda Ufaransa kujifunza tiba yao. Hospitali yake ya Panzi, ya mwaka 1999, aliikusudia kwa wajawazito. Lakini mgonjwa wa kwanza alikuwa mwanamke aliyebakwa na kupigwa risasi. Basi akashona pia majeraha yasiyoletwa na uzazi, bali na watu. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Tundu dogo likiwahiwa, mpira wa kutolea mkojo peke yake huweza kuliponya. Kubwa hushonwa, na mpira hukaa majuma mawili hivi. Pengine hubidi kushona tena. Mama aliyepona akichukua mimba nyingine, asingojee uchungu nyumbani: mtoto atolewe hospitalini kwa kupasuliwa.