Nyumba za Maendeleo (Pemba)

Nyumba za Maendeleo ni majengo ya ghorofa yaliyojengwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar kisiwani Pemba. Yanapatikana katika miji ya Wete, Chake Chake na Mkoani.

Historia

Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964, serikali ya Abeid Amani Karume iliahidi wananchi makazi bora. Ujerumani Mashariki ilisaidia kujenga mtaa wa Kikwajuni, Unguja. Mtindo huo ulifuatwa baadaye Michenzani na Pemba.

Muundo

Majengo yana umbo la sanduku, ngazi za pamoja na madirisha ya safu. Usanifu wa aina hii ulienea Ulaya, Uingereza ikiwemo, baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Nyumba ya kawaida ya Kipemba ina baraza mbele na ua nyuma. Ghorofani hakuna ua, hivyo ni vigumu kupikia kuni, kuanika karafuu au kufuga kuku.

Matengenezo

Paa, ngazi na mabomba hutumiwa na wakazi wote. Bomba la juu likivuja, anayeumia ni wa chini. Kwa hiyo matengenezo hayawezi kuachiwa familia moja. Nyumba za serikali husimamiwa na Shirika la Nyumba la Zanzibar.